Nyumba ya Kambale

Husemwa kwamba katika nyumba ya kambale kila mtu ana ndevu: baba anazo, mama anazo, na watoto wanazo. Msemo huu hutupwa kama jiwe juu ya paa la nyumba isiyokuwa na mkubwa, ambamo kila kinywa hutoa amri na hakuna sikio linalotii. Nimeusikia barazani, nimeusikia mikutanoni, na zamani niliusikia ukielekezwa kwetu sisi watoto 9 tuliokuwa tukila juu ya mkeka mmoja katika nyumba ya mjomba wangu, Tunduru. Mgeni aliyeutamka hakuwa na nia mbaya. Alitazama vichwa vyetu, akashindwa kujua yupi mwana wa nyumba na yupi mlelewa, akacheka. Wenzangu walicheka pia. Mimi, niliyekuwa mlelewa, nilibaki na swali: je, kambale ana nyumba? Na kama anayo, ni nani aleaye ndani yake, na kwa gharama gani?

Swali la mtoto aghalabu hufa kabla mtoto hajawa mtu mzima. Langu halikufa. Lilinifuata shuleni, likanifuata katika kazi yangu ya ualimu, na kila nilipopata kitabu au jarida lenye habari za samaki nililitafutia jibu. Mwaka huu swali hilo limeacha kuwa mchezo wa fikira. Limekuja mlangoni pangu katika umbo la binadamu, nami natakiwa kulijibu kwa ndiyo au kwa hapana. Kwa hiyo namwomba msomaji avumilie nimpitishe katika nyumba chache za samaki wenye sharubu, kisha nimweleze ya kwangu.

Nyumba ya kwanza ni ya kambale wa kwetu, nayo si nyumba. Tunduru ni nchi ya mito. Ruvuma, uliao mpaka wa Tanzania na Msumbiji, hupita kusini yake, na Muhuwesi ni mmoja wa mito inayouongezea maji. Mvua za mwaka zinaposhuka na mabonde yakajaa, kambale hupanda kutoka mtoni wakaingia katika maji mafupi yaliyofunika majani. Huko, usiku, jike na dume hukutana. Jike mmoja mkubwa huweza kutaga mayai makumi ya maelfu, yakanata juu ya majani yaliyozama. Kazi ikiisha wazazi hurudi mtoni, na hawageuki nyuma. Katika muda wa siku moja au mbili hivi mayai huanguliwa, na kila kifaranga huanza maisha yake bila baba wala mama. Ndege humla, chura humla, samaki wengine humla, na jua likikausha dimbwi kabla hajapata njia ya kurudi mtoni, hukauka pamoja nalo.

Nilipokuwa mdogo tulikwenda kuokota kambale katika madimbwi hayo yaliyokuwa yakikauka, tukawaona wakitambaa juu ya tope, kwa maana kambale ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa kama sisi. Hatukupata kuona hata mara moja mkubwa akimlinda mdogo. Lakini haifai kumhukumu kambale kwa sheria za binadamu. Maumbile yamempa hesabu yake: yeye hutegemea wingi. Akitaga maelfu wakapona wachache, ukoo haukatiki. Malezi ni njia ya yule mwenye wachache. Hata hivyo kwa yule mmoja anayemezwa na korongo, wingi wa ndugu zake haumpi faraja yoyote.

Nyumba ya pili ni ya samaki wa mbali, ambaye nilimwona karibu. Rafiki yangu mmoja wa Dar es Salaam hufuga samaki katika tangi la kioo sebuleni kwake, na miongoni mwao wamo wadogo wenye asili ya mito ya Amerika ya Kusini, wa jamii ambayo wataalamu huiita Ancistrus. Nao ni ndugu wa mbali wa kambale, ila miili yao imevikwa vigae vya mfupa kama deraya. Rafiki yangu aliwatilia ndani ya tangi kifuu cha nazi chenye tundu, na dume mmoja akakitwaa kuwa pango lake. Jike aliingia akataga humo fundo la mayai ya rangi ya machungwa, akatoka akaenda zake. Dume akabaki. Alikaa mlangoni akiyapepea mayai kwa mapezi yake mchana na usiku, ili maji mapya yapite juu yake wala ukungu usiyaharibu. Kila samaki mwingine aliyekaribia alisukumwa. Kwa muda wa siku 5 hivi alitoka kwa nadra sana, hata kula. Mayai yalipoanguliwa hakuondoka. Aliwaweka vifaranga chini yake mpaka viini vya mayai walivyokuwa wamebeba tumboni vikaisha, ndipo wakaanza kutoka pangoni mmoja mmoja.

Dume huyu ana ndevu za ajabu. Zimeota juu ya pua na paji la uso wake, laini na zenye matawi, na jike hana ila vinyweleo vifupi au hana kabisa. Mwaka 1999 wataalamu watatu, Sabaj, Armbruster na Page, walitoa rai kwamba ndevu hizo huenda zikawa mfano wa vifaranga. Jike hupenda kumpa mayai yake dume ambaye tayari analea, na dume mwenye ndevu huonekana kama mtu aliyezungukwa na watoto. Rai hii ilinipendeza kupita kiasi. Sisi tumezifanya ndevu za kambale kuwa alama ya fujo, ambapo huko mbali pana kambale ambaye ndevu zake ni tangazo la kuwa anajua kulea!

Nyumba ya tatu iko katika mkoa wetu wenyewe, ingawa si katika maji ya Tunduru. Msafiri akitoka Tunduru kwenda magharibi hupita Namtumbo, Songea na Mbinga, kisha hushuka Mbamba Bay, akaliona Ziwa Nyasa limelala mbele yake kama bahari. Maji yake hayachanganyiki na yetu. Ruvuma huanzia katika milima iliyo upande wa Songea na kuingia katika Bahari ya Hindi, hali maji ya ziwa hutokea kusini kwa mto Shire na kuufuata Zambezi. Ndani ya ziwa hili, ambalo kina chake ni takriban mita 700, yumo samaki mkubwa mwenye sharubu ambaye upande wa Malawi huitwa kampango. Wataalamu humwita Bagrus meridionalis. Mwili wake huweza kukaribia urefu wa mita moja, na kinywa chake humeza samaki wengine bila taabu. Nani angedhani kwamba mnyang'anyi huyu ndiye mlezi hodari kuliko wengi?

Kampango dume na jike huchimba kiota katika mchanga, mara nyingi karibu na miamba, na wote wawili hukilinda. Mwaka 1986 mtaalamu Kenneth McKaye, aliyezamia mara nyingi katika upande wa kusini wa ziwa, alitoa habari za namna wanavyowalisha watoto. Mama hutaga mayai mengine ambayo hayakusudiwi kuanguliwa; ni chakula. Watoto hukusanyika chini ya tumbo lake wakayala yanapotoka. Baba naye huenda nje ya kiota akatia kinywani wadudu na viumbe vidogo vya chini ya ziwa, kisha hurudi akawamwagia wanawe. Mama hutoa kilichomo mwilini mwake, na baba hutoa kilichomo kinywani mwake, ambacho angeweza kukimeza. Nilipoyasoma haya nilikifunga kitabu kwa muda. Nilikuwa nimeijua huruma ya ndege kwa makinda yake, bali sikuwa nimetazamia kuiona chini ya maji, kwa samaki mwenye meno.

Walakini jambo lililonigusa zaidi katika kiota hiki si malezi ya watoto wa kampango, bali ni kuwapo kwa watoto wasio wake. Katika viota vingi hukutwa vifaranga vya samaki wadogo wa jamii ya perege, wale ambao mama zao huatamia mayai kinywani. Mama hawa huja wakawatema watoto wao katika kiota cha kampango, kama mtu aachaye mwanawe katika nyumba yenye ukuta. Kampango, ambaye siku nyingine angemla mama na mtoto, huwaacha wakae, akawalinda pamoja na wake.

Je, huu ni ukarimu? Mwaka 1980 McKaye na mwenzake Oliver walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hili, na jibu lao halina sukari. Waliona kwamba watoto wa kampango hukaa katikati ya kundi, na wageni hukaa pembezoni. Adui akija kwa ghafula, aliye nje ndiye anayeliwa kwanza. Basi kila mgeni ni tofali katika ukuta wa watoto wa nyumba. Mwenyeji hupata ngao, na mgeni hupata mlinzi ambaye mama yake mdogo asingeweza kuwa. Kila mmoja ana faida yake, lakini faida hizo si sawa, na mahali pa kukaa ndipo panapoonyesha tofauti.

Wako pia wageni wa namna nyingine, ambao haki hainiruhusu kuwaficha. Katika Ziwa Nyasa hilo hilo, Stauffer na Loftus walieleza mwaka 2010 kwamba walikuta kampango wakilinda viota ambavyo watoto wake si wa kampango bali ni wa samaki mwingine wa ukoo wa kambale, akaaye humo ziwani. Wazazi hao wawili walikuwa wakitumika usiku na mchana kwa ajili ya uzao wa mwingine. Na katika Ziwa Tanganyika yuko ngogo mmoja mwenye madoa, ambaye habari zake zilitolewa na Tetsu Sato mwaka 1986. Ngogo huyu hungoja perege wa kuatamia kinywani anapotaga, akapenyeza mayai yake kati ya mayai ya mwenyeji. Mama wa watu huyaokota yote na kuyaweka kinywani kwa upendo mmoja. Mayai ya ngogo huanguliwa mapema, na vifaranga vyake huwala watoto wa mama huyo ndani ya kinywa chake mwenyewe. Kwa hiyo anayekataa kupokea watoto wa wengine hakosi mfano wa kushika mkononi. Ngogo atamsemea.

Sasa nirudi kwenye mkeka wa mjomba wangu. Sisi ni Wayao, na kwa desturi yetu ukoo hufuata upande wa mama. Kaka mkubwa ndiye mwenye mbumba, yaani mlinzi wa dada zake na watoto wao. Na mtoto wa dada alikuwa na haki kwa mjomba ambayo pengine hakuwa nayo kwa baba. Nilipokuwa na miaka 8 mama yangu alinitoa kijijini kwetu, karibu na Ruvuma, akanileta Tunduru mjini kwa mjomba ili nisome. Alikaa usiku mmoja. Asubuhi aliniambia, "Mtii mjomba wako, na mkaza mjomba wako umwite mama," kisha akashika njia.

Nilimwita mama, naye aliniitikia. Lakini mtoto ana jicho la kupima. Niliona kwamba wanawe walikaa karibu na chungu, na mimi nilikaa upande wa mlango. Wao walilala chumba cha ndani. Mimi na mlelewa mwenzangu tulilala ukumbini. Maji yalipokwisha mtungini, jina langu lilikuwa la kwanza kukumbukwa. Haya si mashtaka. Sikupigwa kwa dhuluma, sikulala na njaa ila siku ambazo nyumba nzima ililala nayo, na nilipougua homa mkaza mjomba alinibeba mgongoni mpaka hospitali, hali miguu yangu ilikuwa mirefu inakaribia kuburura chini. Nasema tu kwamba niliishi pembezoni mwa kundi, nami nilijua.

Mpunga ulipokaribia kuiva ilibidi uchungwe, maana katika nchi ile tembo hutembea usiku, na shamba la mwaka mzima huweza kumalizika kabla ya alfajiri. Mjomba alijenga dungu la miti kando ya shamba. Watoto wake walibaki nyumbani. Mimi ndiye niliyekwenda naye dunguni. Kwa miaka mingi jambo hilo lilikaa moyoni mwangu kama mwiba mdogo. Kwa nini mimi? Na nilipoijua habari ya kampango, mwiba ulipata jina: nilikuwa kifaranga wa nje, tofali la ukuta.

Bali mwenye kulinganisha hana budi kulinganisha mpaka mwisho. Nilikisoma tena kisa cha kiota, nikatambua jambo ambalo uchungu ulikuwa umenificha. Kundi lina kingo, na nje ya kingo wako wazazi. Kampango hawakai katikati na watoto wao. Huzunguka nje, na adui lazima awapite wao kabla hajamfikia hata yule mgeni wa mwisho. Pembezoni mwa kundi bado ni ndani ya ulinzi. Ndipo nikakumbuka mpango wa dungu lile. Lilikuwa na ngazi moja, na kila usiku mjomba alilala upande wa ngazi, mimi nikalala nyuma yake. Alikuwa na moto, debe la kupiga na sauti yake. Usiku mmoja tembo walikuja karibu hata tukasikia matumbo yao yakinguruma. Alisimama juu ya ngazi akapiga debe na kupiga kelele mpaka wakageuka. Mikono yake ilitetemeka aliporudi kuketi. Akaniambia, "Lala, mpwa wangu. Wamekwenda."

Je, alinipeleka kwa sababu sikuwa mwanawe, au kwa sababu nilikuwa mpwa wake, mrithi kwa desturi ya Wayao, ambaye alipasa kufundishwa kazi ya kulinda? Mjomba amekwisha kufariki, wala sikumwuliza. Nadhani sababu zote mbili zilikuwamo, zimesokotwa pamoja kama nyuzi za kamba moja. Samaki hana nia ya kupimwa. Yeye hufuata maumbile, na mtaalamu akimwonyesha faida yake hajamvunjia heshima. Sisi tuna nia, nazo mara nyingi ni mbili katika tendo moja. Nimeacha kudai kwamba wema usichanganyike na hesabu. Ninachouliza siku hizi ni jambo dogo zaidi: adui ajapo, mwenye nyumba husimama upande gani wa mtoto wa watu?

Nimesema kwamba swali limekuja mlangoni pangu. Dada yangu amenipigia simu kutoka kijijini. Ana mtoto wa kiume wa miaka 8, na ameniomba nimchukue nyumbani kwangu Songea asome. "Kaka," alisema, "sina mwingine." Mimi na mke wangu tuna watoto 4 na mshahara ambao haufiki mwisho wa mwezi bila kuchechemea. Mke wangu si Myao, na kwao mtoto hufuata nyumba ya baba yake. Hakukataa. Alikaa kimya siku mbili, kisha akaniuliza maswali ambayo ni afadhali kuliko hotuba nyingi. Nani atanunua sare? Atalala wapi? Na akija kuwa mtundu akawapotosha wetu, nani atamrudi, mjomba au mimi ambaye si damu yake? Nilimwona ngogo akipita nyuma ya swali hilo la mwisho, na sikumfanyia mzaha, maana khofu ya mama kwa wanawe ina haki ya kusikilizwa.

Tulizungumza usiku kucha. Nilimweleza habari za kiota, za mkeka, na za dungu. Aliposikia ya dungu alinyamaza, halafu akasema, "Mwalimu, kama atakuja, asije kuwa mchota maji wa nyumba hii. Kama ni zamu, iwe zamu ya wote. Na asilale ukumbini." Nikamwambia kwamba hilo ndilo lililokuwa sharti langu pia, ila niliona haya kulitaja mbele ya mtu ambaye ndiye atakayebeba sehemu kubwa ya mzigo.

Basi jibu letu ni ndiyo. Kijana atakuja shule zitakapofunguliwa, na kitanda chake kimewekwa katika chumba cha wanangu, kati ya viwili vyao, mbali na mlango. Najua kwamba atapima kwa jicho kama nilivyopima mimi, na kwamba siku moja nyama itakuwa chache na mkono wa mpakuaji utasita. Siwezi kuahidi kwamba mkono huo hautasita. Naweza kuahidi mahali nitakapolala.

Ama ule msemo, sasa nautumia kwa uangalifu. Kambale wa mabonde ya Ruvuma hana nyumba ya kusemwa, iwe kwa sifa au kwa lawama. Ndugu zake wa pangoni na wa kiotani wanazo nyumba, na mkubwa ndani yake hujulikana. Huwezi kumjua kwa ndevu, maana ni kweli kwamba wote wanazo. Atafutwe penye mlango wa pango au nje ya kingo za kundi, akiwa amewapa watoto mgongo na uso ameuelekeza gizani.